Mtambo Uliokatazwa Kulala

Jua lilikuwa linaaga pale Tarumbeta alipobisha hodi kwa kaka yake. Mfukoni alikuwa na miwani ya kaka, imetoka kwa fundi ikiwa na mkono mpya. Alikuwa apite mara moja, akabidhi, kisha awahi kazini.

Jina la Tarumbeta hakupewa na mama yake. Alipewa na ofisi, siku alipocheka ghorofa ya chini na karani wa ghorofa ya tatu akainuka kufunga dirisha.

"Karibu, wifi," mke wa kaka alisema. "Yupo sebuleni. Leo hajambo."

"Kuliko jana?"

"Sawa na jana."

Wifi alijibu hivyo kila siku, mwaka mzima. Sawa na jana. Na hakuwa mwongo.

Kaka alikuwa kwenye kiti cha dirishani, mikono magotini, kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Umri miaka hamsini tu. Zamani hawa wawili walikuwa balaa la kila harusi ya ukoo: kaka anarusha neno, mdogo mtu analidaka, wageni wanashika mbavu na bibi harusi anasahau kulia. Watu walikuwa wakisema, yule bwana anakujibu hata hujamaliza kuuliza. Sasa madaktari walikuwa wamempima damu, kichwa, na kila kinachopimika, wakasema hana ugonjwa. Amechoka.

"Kaka, umekula?"

Kaka akamtazama. Macho yalimfikia. Midomo haikutikisika. Tarumbeta, kwa mazoea ya kazi yake, akajikuta anahesabu kimoyomoyo, akifuata mshale wa saa ya ukutani.

Moja... mbili... tatu...

"Nimekula," kaka alisema.

Sekunde kumi na moja na nusu.

"Hata konokono angekuwa ameshakula, ameosha na vyombo," Tarumbeta alisema. Wifi akacheka, huku anajifuta macho. Tarumbeta akaiweka miwani mezani, akaaga, akavuka ua. Alikuwa ameshafika getini aliposikia, kupitia dirishani, kicheko cha kaka yake. Kicheko cha mzaha ule ule. Kimefika sasa.

Hakugeuka. Angegeuka angelia, na yeye na kilio walikuwa hawasalimiani.

* * *

Tarumbeta alikuwa mpimaji katika kampuni ya maji ya mji. Chini ya jengo la kampuni kulikuwa na chumba kisicho na dirisha, na ndani yake kabati la chuma refu kama mlango. Humo ndimo ilimoishi kompyuta iliyofungua na kufunga koki kubwa za mji mzima. Waliiita Mtambo. Ilikuwa imewashwa miaka kumi na moja iliyopita na haikuwahi kuzimwa. Juu ya mlango palikuwa na ubao, na kila asubuhi Meneja mwenyewe alishuka na chaki kubadilisha namba. Jioni ile ulisomeka: SIKU 4,016 BILA KUZIMWA.

Kazi ya Tarumbeta ilikuwa rahisi kama kukoroga chai. Kila jioni, saa kumi na mbili na nusu, abonyeze kitufe cha majaribio, ahesabu sekunde mpaka taa ndogo iwake kujibu, aandike daftarini. Kisha Mtambo wenyewe ulilinganisha jibu la leo na la jana. Ikiwa la leo halikuchelewa kuliko la jana kwa zaidi ya nusu sekunde, kioo kiliandika neno moja kwa rangi ya majani: SALAMA.

Miaka kumi na moja ya SALAMA. Maana nani amewahi kuwa tofauti sana na alivyokuwa jana?

Wiki iliyotangulia Tarumbeta alikuwa amefanya jambo ambalo halikuwahi kumpitia mtu kichwani. Alitoa madaftari yote ya zamani, akaunganisha karatasi kwa gundi, akachora mstari mmoja kutoka siku ya kwanza hadi leo. Akautandaza koridoni. Meneja akatembea juu yake kwa soksi, viatu mkononi.

Mstari ulianza chini kabisa. Siku ya kwanza taa iliwaka kabla kidole hakijatoka kwenye kitufe. Halafu ukapanda, kidogo kidogo, miaka mitano, mpaka sekunde tisa. Kisha, jioni moja, ukaanguka puu! Ukarudi mwanzo. Halafu ukaanza kupanda tena, miaka sita, mpaka hapa walipo.

"Hapa ulipoanguka palikuwa na nini?" Meneja aliuliza.

"Ndiyo siku kaka yangu alipopokea zamu kutoka kwa Fundi wa Kwanza, yule mzee wa kwenye picha ya mapokezi."

"Mikono mipya hiyo!"

"Na mimi nilipopokea kwa kaka mwaka jana? Mbona haukuanguka?"

Meneja akavaa kiatu kimoja. "Kwani kuna siku imeacha kuandika SALAMA?"

"Bosi, bomba likipasuka barabarani, koki inasubiri sekunde kumi na moja kabla ya kujua. Kila siku programu hii inabeba kitu kidogo na haikumbuki kukitua. Tuizime mara moja, ipumzike, tuiwashe upya."

"Kuzima?" Meneja alishika kifua kama mtu aliyetajiwa jina la mkewe wa zamani. "Zimebaki siku mia tisa tisini na moja tufike elfu tano! Nimeshaagiza keki!"

Keki. Ya karibu miaka mitatu ijayo. Tarumbeta aliikunja karatasi yake, na kwa mara ya kwanza ofisini alikosa mzaha.

* * *

Basi jioni ile, akitoka kwa kaka, alishuka ngazi kama kawaida. Meneja alikuwa ameshaondoka. Feni za kabati zilivuma. Palinuka vumbi lililoungua, na chini yake harufu nyingine aliyoizoea bila kuipa jina. Akabonyeza kitufe. Akahesabu.

Taa ikawaka.

Kumi na moja na nusu.

Aliandika *kumi na*... na kalamu ikasimama.

Siyo kitu, alijiambia. Sekunde ni sekunde, hazina ukoo. Lakini mkono ulikuwa umeshatoa simu.

"Wifi, nifanyie jambo na usiniulize. Weka simu karibu naye. Nikisema 'sasa', muulize jina lake, uhesabu."

"Wifi, unanitisha."

"Hata mimi najitisha. Subiri."

Mtambo ulikuwa na tabia moja: ukiubonyeza mara nyingi mfululizo, ulielemewa. Tarumbeta akabonyeza mara nne, haraka haraka. Feni zikapandisha sauti, zikaanza kuguna.

"Sasa!"

Akahesabu kwa taa. Wifi akahesabu kwa mume wake. Kumi na moja ikapita. Kumi na mbili. Kumi na tatu. Kumi na nne...

Taa ikawaka.

Na simuni, wakati ule ule, sauti ya kaka, nzito, ikataja jina lake.

"Kumi na nne," wifi alinong'ona. "Wifi... umemfanya nini? Anatokwa jasho."

Tarumbeta alirudisha mkono kutoka kwenye kitufe kama aliyegusa jiko. Sasa aliijua ile harufu. Ilikuwa harufu ya shuka la mgonjwa.

"Marahaba," sauti ilisema nyuma yake.

Hakuwa amemwamkia mtu.

Akageuka taratibu. Kati yake na ngazi alisimama mzee mwembamba, koti la kaki limenyooshwa, kalamu mbili mfukoni. Ngazi zile zilikuwa za chuma. Paka akishuka husikika. Hakuna kilichosikika. Neno "shikamoo" lilikuwa limeshafika kwenye ulimi wa Tarumbeta, likatoka lenyewe, limechelewa, limeshajibiwa.

"Ndiyo," mzee alisema. "Ni mimi wa kwenye picha."

Ndilo swali aliloanza kulifikiria.

Fundi wa Kwanza. Aliyeuwasha Mtambo. Aliyemkabidhi kaka, akastaafu, na tangu hapo hakuna aliyealikwa nyumbani kwake wala kwenye mazishi yake.

Tarumbeta alirudi nyuma hatua moja, lakini mdomo wake haukuwahi kuomba ruhusa ya miguu. "Mzee wangu," alisema, "kuongea na wewe ni kama kusoma barua kuanzia sahihi."

Mzee hakucheka. Aliongea kwa mnong'ono, bila pupa.

"Kisicholala lazima kiwe na mtu wa kukibebea usingizi. Niliubeba mimi. Kisha kaka yako. Kila jioni Mtambo unachoka, na uchovu unapelekwa kwake. Kwa sababu alisema maneno."

Maneno. Kila aliyepokea zamu pale aliweka mkono juu ya kabati, mbele ya anayeondoka, akatamka: *Nimepokea mtambo ukiwa macho, nitaukabidhi ukiwa macho.* Wote waliyaona ni maneno ya ofisi tu, kama yale ya kwenye ukuta wa zahanati.

"Na wewe hukuyasema," mzee alinong'ona.

Tarumbeta akaiona siku ile. Mkono juu ya chuma, ofisi nzima imesimama, na yeye, ulimi ukimwasha, akasema: *Nimepokea mtambo ukiwa macho, nitaukabidhi unakoroma!* Chumba kizima kilikufa kwa kicheko. Kaka alicheka mwisho, peke yake, wenzake wameshanyamaza.

Kumbe.

Mzaha wake ulikuwa umemwokoa yeye. Na ulikuwa umemwacha kaka yake kwenye zamu mwaka mzima, nyumbani, kitini, akiwa amevaa kandambili.

"Sema sasa," mzee alisema, akisogea. "Kama yanavyosemwa. Mkono juu ya chuma. Kaka yako atatuliwa leo hii. Utachoka kidogo tu."

"Na mimi?" Tarumbeta aliuliza, kisha akaona kwamba ameshajibiwa.

Akaukaribia Mtambo. Chuma kilikuwa na joto kama kipaji cha mtoto mwenye homa. Aliuinua mkono. Kwa kaka yake angetoa zaidi ya uchovu, na mzee alilijua hilo, maana alikuwa ameshaanza kutabasamu.

Ukutani, kando ya kabati, palikuwa na kisanduku cha kioo. Ndani yake mpini mwekundu. Juu yake maandishi: USIGUSE.

"Nikiuzima?" Tarumbeta aliuliza.

Mzee hakujibu.

Moja... mbili...

Mzee aliyejibu kila kitu kabla hakijaulizwa. Tabasamu lilikwama mahali lilipokuwa.

Tatu... nne...

"Kaka yako atazimika nao," alisema.

Sekunde nne. Tarumbeta alikuwa mpimaji, na mpimaji hasikilizi jibu peke yake. Anasikiliza limechukua muda gani kuja.

"Mzee," alisema polepole, "hilo la mwisho umelitafuta."

"Atakufa."

"Labda. Lakini dawa ambayo mganga anakubembeleza hivi uinywe, mwonjeshe kwanza yeye. Mimi nina karatasi yenye mstari. Mstari unapanda. Leo kumi na moja na nusu, mwakani kumi na tatu, na iko siku nitamuuliza kaka yangu kama amekula na jibu litanikuta mimi ndiye ninayezikwa. Hapana. Sibebi, na yeye habebi tena. Mtambo ukitaka kulala, ulale wenyewe!"

Hata hivyo maisha hayakuwa yake peke yake. Akainua simu.

"Wifi, upo? Mwekee simu sikioni. Mshike mkono." Akavuta pumzi. "Kaka. Ni mimi. Hiki kitu kinakula wewe. Nataka kukizima. Sijui utakuwaje. Nizime?"

Akaanza kuhesabu.

Moja. Mbili. Tatu. Mzee akasogea hatua moja. Hakuinua mguu.

Nne. Tano. Feni zilipiga kelele sasa, sauti nyembamba, kama ya mtu anayelia akiwa amefungwa mdomo. Sita. Saba.

"Sema maneno," mzee alinong'ona. Pumzi yake haikuwa na joto wala baridi. Nane.

Tisa. Taa ndogo ilianza kumetameta. Kumi.

Kumi na moja.

"Zima," kaka alisema.

Tarumbeta akavua kiatu. Kiatu chenyewe kilikuwa cha kisigino kinene, cha kukanyagia miji. Kioo kikavunjika kwa pigo moja.

"Ukimtua mtu ghafla, atakimbia," mzee alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na kitu kama huruma. "Mimi nilikimbia. Bado nakimbia. Sijui kusimama..."

"Basi ukifika utusalimie!"

Akauvuta mpini chini kwa mikono miwili.

Giza.

Feni zikapunguza, zikapunguza... zikanyamaza. Kwa miaka kumi na moja chumba kile hakikuwahi kujua kimya, na sasa kimya kilianguka kama gunia. Mahali fulani sakafuni kalamu ilibingirika, ikagonga ukuta, ikatulia. Tarumbeta akamulika kwa simu. Hapakuwa na mtu. Mji wala haukujua kitu: koki zilizokuwa wazi zilibaki wazi, maji yakaendelea kutiririka kwenye ndoo za watu.

"Wifi?"

Kwikwi. "Amefumba macho. Wifi, kaanguka kifuani kwangu... Wifi, simsikii akipumua."

"Mshike."

"Simsikii!"

"Mshike tu! Mtu anasinzia mara ya kwanza baada ya miaka sita, mwacheni asinzie!" Alipiga kelele gizani, machozi na kilio vikimsalimia kwa mara ya kwanza, na hakujua anamkaripia wifi, Mtambo, au Mungu. Alisubiri dakika kumi kwa saa, kama vitabu vya kazi vinavyosema. Kisha akaupandisha mpini.

Feni zikaanza. Laini. Akabonyeza kitufe, na taa ikawaka kabla kidole hakijatoka.

Simuni, mtu akakohoa.

"Tarumbeta," kaka alisema, "huu mkono wa miwani fundi ameutoa kwenye baiskeli ya nani?"

Karani wa ghorofa ya tatu alikuwa ameshafika nyumbani. Hata hivyo aliapa kesho yake kwamba alikisikia kile kicheko.

* * *

Asubuhi Meneja alishuka na chaki, akakuta ubao umeandikwa SIKU 0, kwa mwandiko mkubwa usio na toba.

"Nani amefanya hivi?"

"Mimi."

"Siku elfu nne! Tarumbeta, unajua unafukuzwa kazi?"

"Bosi, bonyeza kitufe kwanza."

Akabonyeza. Taa ikamjibu papo hapo. Akabonyeza tena, kama mtoto aliyepewa kengele ya mlango. Akaangalia taa, akaangalia ubao, akaangalia kiatu cha Tarumbeta.

"Ijumaa jioni nitauzima tena," Tarumbeta alisema. "Na kila Ijumaa. Na hapa hakuna atakayeapa tena kwa chuma. Anayetaka kupokea zamu aseme 'asante' kama watu. Keki tuile tu, isiharibike."

Alikiweka kioo kipya? Hakukiweka. Mpini ulibaki wazi, na chini yake akabandika karatasi: GUSA.

Kaka alinenepa. Alicheka. Alirudi kwenye harusi za ukoo na kwa mwezi mzima wageni walitoka wakijishika mbavu. Walisema yale yale ya zamani, yule bwana anakujibu hata hujamaliza kuuliza. Tarumbeta alicheka kuliko wote.

Mpaka jioni moja alipopita na mkoba wake, akavuta kiti, akafungua mdomo.

"Nimekula," kaka alisema.

Wote wawili wakatazamana. Kaka mwenyewe alionekana kushangaa.

Tarumbeta akaanza kupima. Angefanya nini, ndiyo kazi yake. Alinunua daftari jipya, na hakulinganisha na jana. Alilinganisha na siku ya kwanza. Nusu sekunde kabla ya swali. Mwezi uliofuata, sekunde mbili. Kisha kaka akajibu simu ambayo ilikuwa bado haijaita. Alicheza na watoto, alilala vizuri, alikuwa mzima kabisa. Alikuwa anatangulia tu.

Jana, jua likiwa linaaga, walikuwa wamekaa dirishani wakimenya machungwa. Hakuna aliyekuwa anaongea. Kaka akaweka kisu chini, akamshika mdogo wake bega, akamtazama kwa upole mwingi.

"Hapana, mdogo wangu," alisema. "Haikuuma hata kidogo. Usilie."

Ngozi ya Tarumbeta ikasisimka kuanzia kisigino. Ulimi wake, ule ambao haukuwahi kuomba ruhusa ya mtu, uliinuka ndani ya mdomo. Swali lilikuwa pale pale. Lilitaka kutoka. Neno moja tu. *Nini?*

Akafunga mdomo.

Akachukua chungwa lingine, akalimenya hadi mwisho, ganda likitoka zima bila kukatika, mkono wake imara. Kisha akatoa daftari mkobani na kuandika, kaka akimwangalia:

*Jibu limefika. Swali halijaulizwa.*

Akafikiri kidogo. Akaongeza, kwa herufi kubwa, akikandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka:

*NA SIULIZI.*